Risasi za bunduki za kijeshi katika Afrika ya Mashariki

Risasi za bunduki za kijeshi ni risasi zinazotengenezwa kwa ajili ya bunduki za askari wa miguu. Makala hii inalinganisha risasi zilizotumika Afrika ya Mashariki tangu wakati wa ukoloni wa Kijerumani na Kiingereza hadi leo, pamoja na risasi za majaribio ambazo majeshi ya nchi kubwa yalizibuni, yakazipima na mara nyingi yakaziacha. Majaribio hayo yalifanyika mbali, yaani Ulaya, Urusi na Marekani. Hata hivyo, matokeo yake yaliamua askari wa Tanganyika, Kenya na Uganda wabebe bunduki gani, na baadaye yakaamua silaha zipi zizagae vijijini, ikiwemo Usukumani na eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu.

## Sehemu za risasi

Katika mazungumzo ya kila siku neno "risasi" hutumika kwa maana mbili: kitu kizima kinachoingizwa kwenye bunduki, na kile kipande kinachoruka na kupiga shabaha. Risasi nzima ina sehemu nne:

- Ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe au la chuma. Ndilo linalobaki baada ya kufyatua.
- Fataki, kidude kidogo katika kitako cha ganda. Hulipuka kinapogongwa na pini ya bunduki.
- Baruti, inayowaka ndani ya ganda na kutoa gesi yenye kani kubwa.
- Kichwa cha risasi, kinachosukumwa na gesi hiyo kupita katika mtutu.

Jina la risasi kwa kawaida hutaja kipenyo cha kichwa na urefu wa ganda kwa milimita. Kwa hiyo 7.62×39 ina kichwa chenye kipenyo cha takriban milimita 7.62 na ganda lenye urefu wa milimita 39. Waingereza na Wamarekani walizoea kutaja kipenyo kwa sehemu za inchi. Hivyo .303 ni inchi 0.303, sawa na milimita 7.7.

Kufanana kwa kipenyo hakuna maana kwamba risasi zinaweza kubadilishana. Risasi ya 7.62×39 na ile ya 7.62×51 zote huitwa "saba nukta sita mbili", lakini maganda yake hayafanani kwa urefu wala kwa umbo. Bunduki iliyotengenezwa kwa moja haiwezi kutumia nyingine.

## Jinsi risasi zinavyolinganishwa

Wataalamu hulinganisha risasi kwa mambo yafuatayo.

Nishati mwendo. Hii hupatikana kwa kuzidisha nusu ya tungamo la kichwa kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Kwa mfano, kichwa cha gramu 11.3 (yaani kilogramu 0.0113) kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 744 kwa sekunde kina nishati ya takriban jouli 3,130. Kwa kuwa kasi inapigwa kipeo cha pili, kuongeza kasi huongeza nishati haraka kuliko kuongeza uzito.

Msukumo wa kurudi nyuma. Bunduki humpiga mfyatuaji begani kulingana na tungamo la kichwa mara kasi yake, ukiongeza na gesi inayotoka. Risasi yenye msukumo mkubwa humchosha askari, na ikifyatuliwa mfululizo huinua mtutu hadi shabaha ikapotea.

Mnyooko wa njia. Kila risasi huanguka kuelekea chini kwa nguvu ya mvutano wa dunia. Iliyo na kasi kubwa hufika mapema, hivyo huanguka kidogo, na askari hahitaji kukisia sana umbali wa shabaha.

Uzito wa risasi nzima. Risasi moja ya .303 ina uzito wa takriban gramu 25, ya 7.62×39 takriban gramu 16, na ya 5.56×45 takriban gramu 12. Askari anayebeba kilo 4 za risasi atakuwa na 160 za aina ya kwanza, 250 za aina ya pili au zaidi ya 330 za aina ya tatu.

Moshi na mwako. Risasi inayotoa moshi mwingi au mwali mkubwa humwonyesha adui mahali alipo mfyatuaji.

Gharama na akiba. Jeshi lenye mamilioni ya risasi ghalani haliko huru kuchagua risasi mpya, hata kama ni bora.

## Kutoka baruti nyeusi hadi baruti isiyo na moshi

Hadi miaka ya 1880 bunduki zote zilitumia baruti nyeusi. Baruti hiyo hutoa wingu zito jeupe na kuchafua mtutu. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 Ufaransa ikawa nchi ya kwanza kulipa jeshi lake bunduki ya namna hiyo, yaani Lebel ya milimita 8. Ujerumani ilifuata mwaka 1888 kwa risasi ya 7.92×57. Uingereza nayo ilianzisha .303 mwishoni mwa miaka ya 1880, ikiwa bado na baruti nyeusi iliyoshindiliwa, kisha ikahamia baruti isiyo na moshi miaka michache baadaye.

Mabadiliko hayo yalifika Afrika ya Mashariki kwa kuchelewa. Serikali za kikoloni zilizoea kuwapa askari Waafrika bunduki zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Sababu moja ilikuwa kubana matumizi. Sababu nyingine ilikuwa hofu kwamba bunduki za kisasa zingeangukia mikononi mwa wenyeji. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, Wahehe walikishinda kikosi cha Emil von Zelewski na kuteka bunduki takriban 300. Wenyeji wengi wengine walikuwa na magobore tu, ambayo hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu, na ambayo hayahitaji risasi za kiwandani.

## Vita vya Kwanza vya Dunia

### Moshi wa askari

Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi la ulinzi la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilikuwa na askari Waafrika takriban 2,500 katika kombania 14. Nyingi za kombania hizo zilikuwa bado zinatumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ya milimita 11 ilikuwa na kichwa cha risasi tupu chenye uzito wa takriban gramu 25, kikisukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Kichwa hicho kizito kilisababisha majeraha makubwa kwa karibu, lakini kilikwenda polepole na kuanguka haraka. Tena, kila mlio ulitoa wingu la moshi lililoonekana kutoka mbali. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck aliuhesabu moshi huo kuwa udhaifu mkubwa wa jeshi lake.

Upande wa Waingereza, askari wa King's African Rifles na majeshi kutoka India walitumia .303, ambayo haina moshi na ilifika mbali zaidi. Hata hivyo, ubora wa risasi haukuamua mapigano. Katika Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Waingereza walishusha pwani watu takriban 8,000 dhidi ya askari takriban 1,000 wa Kijerumani, na wakashindwa. Waliondoka wakiacha bunduki mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi takriban 600,000. Kwa silaha hizo Lettow-Vorbeck aliweza kuzipa kombania zake kadhaa bunduki za kisasa.

### Risasi zilizolowa maji

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliishambulia, ikazama kwenye maji mafupi. Wajerumani waliiopoa shehena, lakini risasi nyingi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Kwa miezi kadhaa kazi ilikuwa kufungua risasi moja moja, kukausha baruti, kusafisha maganda na kuzifunga tena. Nyingine zilifaa kwa mapigano. Zile zilizotiliwa shaka zilitumika kwa mazoezi.

### Mzigo wa wapagazi

Sehemu kubwa ya vita hivyo ilipiganwa mahali pasipo na reli wala barabara, tena penye mbung'o wanaoua wanyama wa mizigo. Risasi zilibebwa kichwani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa takriban kilo 25. Bila kuhesabu sanduku, huo ni sawa na risasi 1,000 za .303, lakini ni risasi zisizofika 600 za milimita 11. Hivyo kila gramu iliyoongezwa kiwandani Ulaya iliongeza idadi ya watu waliohitajika kubeba Afrika.

Wasukuma na Wanyamwezi, ambao walikuwa na sifa ya muda mrefu katika misafara ya biashara, walikuwa miongoni mwa watu waliochukuliwa na pande zote mbili. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria kuliko askari waliokufa kwa risasi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi hapo.

### Kanda ya Ziwa na Ikoma

Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, na Wabelgiji kutoka Kongo waliingia Tabora Septemba mwaka huohuo. Wabelgiji nao walikuwa na tatizo lilelile: baadhi ya askari wa Force Publique walianza vita na bunduki za Albini za milimita 11 zenye kutumia baruti nyeusi na risasi moja kwa kila mfyatuo, huku wengine wakiwa na Mauser ya milimita 7.65.

Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichoanzishwa na kapteni Wintgens, kisha kuongozwa na Heinrich Naumann, kilijitenga na jeshi kuu na kurudi kaskazini. Juni mwaka huo kilishika ngome ya Ikoma, kaskazini-mashariki mwa Bariadi, katika Mkoa wa Mara wa leo. Kikosi hicho hakikuwa na ghala wala njia ya kuletewa risasi. Kiliishi kwa kile kilichokamata, hadi Naumann alipojisalimisha Oktoba 1917.

Jeshi kuu la Lettow-Vorbeck lilifuata njia hiyohiyo. Lilipoweka silaha chini huko Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, karibu bunduki zake zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Risasi za Kijerumani zilikuwa zimekwisha, na bunduki za Kijerumani zilikuwa zimetupwa kwa sababu hazikuwa na cha kufyatua.

## Risasi za majaribio

### .276 Enfield

Katika Vita vya Makaburu (1899–1902) Waingereza walipigwa kutoka mbali na Makaburu waliotumia Mauser ya 7×57. Kutokana na funzo hilo walitengeneza risasi yenye kasi kubwa, .276 Enfield, na bunduki yake ya mwaka 1913. Takriban bunduki 1,000 zilitolewa kwa askari kuzijaribu. Risasi ilikwenda kwa njia iliyonyooka sana, lakini ilitoa mwali mkali, ilipasha mtutu moto na kuuchakaza mapema. Vita vya mwaka 1914 vilisimamisha mradi. Kwa sababu hiyo .303 iliendelea kutumika. King's African Rifles walikuwa nayo Ethiopia mwaka 1941 na Burma mwaka 1944.

### .276 Pedersen

Marekani ilianza kujaribu risasi ya John Pedersen katika miaka ya 1920. Ilikuwa nyepesi kuliko .30-06 iliyokuwa ikitumika, na ilimsukuma askari kidogo. Bodi za uchunguzi zilipima nguvu yake kwa kufyatulia nguruwe mwaka 1928, na baadaye mbuzi, wakiwa wamepewa dawa ya usingizi. Zilikuta kwamba katika umbali wa kawaida wa mapambano risasi ndogo haikuwa dhaifu kama wengi walivyodhani. Bunduki ya John Garand iliyotengenezwa kwa risasi hiyo iliingia risasi 10, badala ya 8 za ile kubwa. Lakini mwaka 1932 mkuu wa jeshi la nchi kavu, jenerali Douglas MacArthur, aliikataa. Nchi ilikuwa katika mdororo wa uchumi, na maghala yalikuwa yamejaa .30-06.

### Risasi fupi

Uchunguzi wa vita ulionyesha kwamba askari wa miguu mara chache humfyatulia adui aliye mbali zaidi ya mita 300 hadi 400, wakati risasi zao ziliundwa kwa kilomita nzima na zaidi. Wajerumani walifupisha ganda la 7.92×57 na kupata 7.92×33, iliyotumiwa na bunduki ya StG 44. Wasovieti walianza kazi kama hiyo mwaka 1943. Kutokana nayo ilitokea 7.62×39, risasi ya bunduki ya SKS na ile ya Mikhail Kalashnikov iliyokubaliwa mwaka 1949. Kati ya risasi zote za majaribio za karne ya 20, hii ndiyo iliyoenea zaidi barani Afrika.

### .280 ya Waingereza

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walibuni .280 (7×43) pamoja na bunduki ya EM-2, ambayo magazini yake ilikuwa nyuma ya kifyatulio. Nguvu ya risasi hiyo ilikuwa katikati ya risasi fupi na zile kubwa za zamani. Aprili 1951 serikali ya Uingereza iliikubali rasmi. Wamarekani hawakutaka risasi dhaifu kuliko yao ya zamani, na Winston Churchill aliporudi madarakani Oktoba mwaka huo alitanguliza umoja wa NATO. Uamuzi wa EM-2 ulitenguliwa, na NATO ikachukua 7.62×51 ya Marekani. Hivyo ndivyo risasi hiyo ilivyoingia baadaye katika majeshi ya nchi zilizofuata mtindo wa Kiingereza, ikiwemo Kenya.

### Risasi ndogo yenye kasi

Katika miaka ya 1950 Wamarekani wenyewe waligundua kwamba 7.62×51 ni nzito mno kwa kufyatua mfululizo. Majaribio yaliyoanza mwaka 1957 yalizaa 5.56×45, iliyotumiwa na M16 nchini Vietnam. Kati ya mwaka 1977 na 1980 NATO ilifanya mashindano mengine. Uingereza ilileta risasi ya milimita 4.85, na Ujerumani Magharibi ililetea mashindano risasi ya milimita 4.7 isiyo na ganda. Iliyoshinda ni 5.56 yenye kichwa kipya kilichobuniwa Ubelgiji. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umekwisha kuhamia 5.45×39 mwaka 1974.

### Risasi zisizo na ganda na mishale

Risasi isiyo na ganda hutengenezwa kwa kuifinyanga baruti yenyewe kuwa tofali dogo linalokishika kichwa. Inapunguza uzito, na hakuna ganda la kutoa. Lakini ganda la chuma lina kazi isiyoonekana: linapotupwa nje hubeba joto. Bila ganda joto hubaki kwenye chemba, na baruti inaweza kuwaka yenyewe. Bunduki ya G11 ya Ujerumani ilitatua sehemu kubwa ya tatizo hilo kwa kutumia baruti inayostahimili joto, lakini kuungana kwa Ujerumani mwaka 1990 kulimaliza fedha za mradi.

Marekani nayo, kati ya mwaka 1986 na 1990, ilijaribu risasi zisizo na ganda, risasi zenye vichwa viwili, na mishale midogo ya chuma. Lengo lilikuwa kuongeza maradufu uwezo wa askari kupiga shabaha. Hakuna iliyofikia lengo hilo.

### 6.8×51

Mwaka 2022 jeshi la Marekani lilichagua risasi ya 6.8×51, yenye kani kubwa kuliko zilizotangulia na ganda lenye kitako cha chuma na mwili wa shaba nyeupe. Inakusudiwa kupenya fulana za kisasa za kuzuia risasi. Kwa uchaguzi huo mzunguko umerudi karibu na pale alipoanzia .276 Enfield: kasi kubwa, joto kubwa na uzito mkubwa.

## Jedwali la ulinganisho

Takwimu ni za makadirio. Hubadilika kulingana na urefu wa mtutu na toleo la risasi.

| Risasi | Uzito wa kichwa (gramu) | Kasi (mita kwa sekunde) | Nishati (jouli) | Hali |
|---|---|---|---|---|
| Mauser milimita 11 | 25 | 440 | 2,420 | ilitumika |
| 7.92×57 yenye kichwa kilichochongoka | 10 | 880 | 3,870 | ilitumika |
| .303 ya mwaka 1910 | 11.3 | 744 | 3,130 | ilitumika |
| .276 Enfield | 10.7 | 849 | 3,860 | majaribio |
| .276 Pedersen | 8.1 | 820 | 2,720 | majaribio |
| 7.92×33 | 8.1 | 685 | 1,900 | ilitumika |
| .280 ya Waingereza | 9.1 | 735 | 2,460 | majaribio |
| 7.62×39 | 7.9 | 715 | 2,020 | inatumika |
| 7.62×51 | 9.5 | 840 | 3,350 | inatumika |
| 5.56×45 ya awali | 3.6 | 990 | 1,760 | inatumika |

Jedwali linaonyesha kwamba Mauser ya milimita 11 na .280 zina nishati inayokaribiana, ingawa moja ina kichwa kizito kuliko nyingine karibu mara tatu. Tofauti iko kwenye kasi, na kwa hiyo kwenye mnyooko wa njia na umbali wa kulenga.

## Baada ya uhuru

Kufuatia maasi ya jeshi la Tanganyika ya Januari 1964, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Tanzania ilipata msaada mkubwa wa kijeshi kutoka China, na pamoja nao bunduki za Kichina za 7.62×39. Nchini Tanzania bunduki za aina ya Kalashnikov huitwa SMG, na za aina ya SKS huitwa SAR. Kenya kwa upande wake ilishika 7.62×51, hasa kwa bunduki ya G3 ya Kijerumani. Hivyo nchi mbili jirani zilizokuwa zikitumia .303 moja zilijikuta na risasi zisizobadilishana.

Baadhi ya nchi zilianzisha viwanda vyake ili zisitegemee watu wa nje kwa kila risasi. Tanzania ina Shirika la Mzinga huko Morogoro, Kenya ina kiwanda cha Eldoret kilichofunguliwa katika miaka ya 1990, na Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola.

## Usukuma na Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Mkoa wa Shinyanga na kuongeza Busega kutoka Mwanza. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe.

Vita vya Kagera (1978–1979) vilipomalizika, silaha za kijeshi zilikuwa zimeingia mikononi mwa raia. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa kwa mikuki na mishale, ulianza kufanywa kwa bunduki. Risasi iliyoundwa ili askari aliyefunzwa kwa muda mfupi aweze kuitumia kwa urahisi ilikuwa rahisi vilevile kwa mwizi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu, vikundi vya ulinzi vilivyoitana kwa yowe la mwano na kufuata nyayo za ng'ombe wakiwa na pinde na mishale. Nguvu yao ilikuwa wingi wa watu na ujuzi wa ardhi. Serikali baadaye ilivitambua na kuvieneza mahali pengine nchini, ingawa baadhi ya vikundi vililaumiwa kwa kujichukulia sheria mkononi.

Upande wa mashariki mkoa unapakana na mbuga za Serengeti na una Pori la Akiba la Maswa. Huko risasi za kivita hutumiwa na majangili dhidi ya tembo na, wakati mwingine, dhidi ya watu. Tarehe 29 Januari 2016 majangili waliifyatulia helikopta iliyokuwa katika doria juu ya Pori la Maswa. Risasi zilipenya kutoka chini na kumuua rubani, raia wa Uingereza.

Maganda yanayookotwa katika matukio ya namna hii ni ushahidi. Kitako cha ganda kwa kawaida hugongwa alama za kiwanda na mwaka wa kutengenezwa, na pini ya kila bunduki huacha alama yake kwenye fataki. Kwa hiyo anayeokota ganda hapaswi kulisafisha wala kulihamisha. Risasi nzima iliyofukuliwa shambani, hata ikiwa na kutu, bado inaweza kulipuka ikigongwa au kutupwa motoni. Inapasa kuachwa mahali ilipo na taarifa kupelekwa polisi.

## Sheria

Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazopanuka au kubapa kwa urahisi mwilini. Ndiyo sababu vichwa vya risasi za kijeshi vimefunikwa kabisa kwa gamba gumu upande wa mbele.

Sheria za ndani zimekuwa kali mara nyingi. Nchini Kenya, wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960), kupatikana na risasi bila kibali kuliweza kuleta hukumu ya kifo. Dedan Kimathi alishtakiwa mwaka 1956 kwa kumiliki bastola na risasi sita, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Leo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zinafungwa na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogondogo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo raia hawezi kumiliki silaha wala risasi bila leseni chini yake.

## Kwa nini risasi nyingi za majaribio ziliachwa

Risasi chache za majaribio zilikataliwa kwa sababu ya ubovu pekee. .276 Enfield ilikuwa na kasoro, lakini vita ndivyo vilivyoizika. .276 Pedersen ilishindwa na akiba ya ghalani, .280 ilishindwa na siasa za ushirikiano, na risasi isiyo na ganda ilishindwa na bajeti. Upande wa pili, 7.62×39 haikuenea duniani kwa kuwa ya kwanza katika kipimo chochote. Ina nishati ndogo kuliko .303, na njia yake imepinda kuliko ya 5.56. Ilienea kwa sababu Umoja wa Kisovieti na China ziliitengeneza kwa wingi na kuigawa kwa bei nafuu au bure kwa marafiki zao, pamoja na bunduki isiyohitaji matunzo mengi.

Kwa nchi za Afrika ya Mashariki uchaguzi ulifuata mikataba na misaada, na si matokeo ya vipimo. Bunduki ikishaingia nchini hudumu miaka 50 au zaidi, na risasi yake hulazimika kununuliwa au kutengenezwa kwa muda wote huo.